Mtini wa Tao la Tatu

Ku. Kimya. Ku. Kimya.

Sauti ilianza nyuma ya kichwa changu, ndani ya ukuta, kabla sijafumbua macho. Kila pigo lilifuatwa na utulivu mfupi, kama wa mtu anayevuta pumzi. Mara ya tatu punje za lipu zilinidondokea usoni, ndipo nikajua kwamba ile ni sululu, na kwamba imeshafika tao la pili. Sisi tulikaa la tatu.

Baba alikuwa macho. Alikuwa amekaa juu ya magunia matupu ya makaa, miguu mitupu, kofia yake bado ikining'inia kwenye kijiti kilichotokeza ukutani juu ya kitanda. Kijiti hicho hakuna aliyejua kilipigiliwa na nani. Tulikikuta, tukatundikia kofia.

"Wanabisha hodi," alisema. "Watu wenye adabu hao."

Kisha kikohozi kikamshika, kile cha miaka arobaini ya vumbi la makaa, nikamshikilia mabega mpaka kikamwachia. Nje, sauti ya jirani yetu Sora Fermina, yaani Bi Fermina, ilikuwa imeshapanda juu ya sululu zote.

"Pigeni taratibu, nyie mbwa! Mawe hayo yana umri mkubwa kuliko baba zenu!"

"Bibi, baba yangu ni mtu wa milimani!" mfanyakazi mmoja alijibu.

"Ndiyo maana hujui kupiga!"

Walicheka. Sululu haikusimama.

Katika vitabu mahali petu panaitwa Ukumbi wa Marcello, na husemwa kwamba Warumi wa kale walikaa humo kwa maelfu wakitazama michezo. Sisi tulipaita Matao. Juu palikuwa na jumba la wakubwa, chini tulikuwa sisi: wahunzi, wauza utumbo, wauza makaa, kila familia na tao lake, nusu yake imezama ardhini kwa uzito wa karne. Matao yalikuwa kumi na mawili. Letu lilikuwa la tatu kutoka kushoto ukisimama uwanjani. La Sora Fermina, mjane aliyeuza hatamu na kamba za punda, lilikuwa la tatu kutoka kulia. Nilipofiwa na mama nikiwa na miaka sita, Sora Fermina ndiye aliyenifunga kamba kiunoni na kunifungia kwenye mlango wake nisikanyagwe na mikokoteni. Hakuacha kunikumbusha.

Mwaka ule wenye mashati meusi, watawala wetu wapya, waliamua kwamba Roma ionekane kama ilivyokuwa, na ilivyokuwa maana yake bila sisi. Iliundwa Kamati. Kamati ikabandika tangazo: kila atakayethibitisha kwamba tao lake limekuwa duka bila kukatika kwa karne moja na nusu atapewa nyumba ng'ambo ya mto, nyumba ya mawe yenye jiko na dirisha. Wengine watapelekwa kwenye mabanda ya mbao nje ya mji, kule bondeni penye matete, ambako hata mbuzi hupata homa.

Baba asingemaliza baridi moja bondeni. Daktari wa sadaka aliniambia hivyo akiwa anafunga mkoba wake, bila hata kunitazama. Kwa hiyo nilihitaji ushahidi. Karatasi hatukuwa nazo. Nani alimwandikia muuza makaa karatasi? Lakini tangazo lilikuwa na mstari mmoja mdogo: Kamati itapokea pia picha za zamani zenye tarehe.

Nilikwenda kwa Sor Evaristo.

Sor Evaristo, yaani Bwana Evaristo, aliuza picha za kuchapwa kwa mabamba ya shaba katika kichochoro nyuma ya uwanja, na nilikuwa nikimpelekea makaa tangu utotoni. Dukani mwake ndimo nilimojifunza kusoma, maandishi chini ya picha, herufi moja moja. Nilipomweleza shida yangu alifungua jalada kubwa na kuyapanga Matao mezani kwa umri, kutoka mkubwa hadi mdogo, kama mtu anayepanga watoto wa nyumba moja.

"Haya, mshairi wa makaa," alisema. "Tafuta ukoo wako."

Ya kwanza ilikuwa na karibu miaka mia nne. Aliyeichora alipima kila jiwe, halafu akaongeza ghorofa zilizoanguka kutoka kichwani mwake, na sanamu juu. Hapakuwa na mtu hata mmoja.

"Alikuwa mchoraji wa majengo," Sor Evaristo alisema. "Watu walimharibia mistari."

Ya pili ilionyesha ngome, na askari wadogo kama vidole juu ya kuta. Ya tatu ilikuwa magofu marefu mara mbili ya kweli, mbuzi wakila majani juu ya nguzo, mchungaji amelala. Sikuwahi kuona mbuzi pale. Ya nne aliipaka rangi za maji bibi mmoja mgeni: nguo zimeanikwa, msichana anacheka mlangoni mwa tao, weusi wa makaa shavuni mwake umefanywa kivuli kizuri. Hiyo iliniudhi kuliko zote. Ya tano ilikuwa picha ya kamera, ya miaka sitini tu, haitoshi. Na kwa kuwa kamera za wakati ule zilikuwa za polepole, kila aliyetembea alibaki ukungu. Mawe yameonekana mpaka nyufa. Watu wamekuwa moshi.

"Miaka mia nne," nilimwambia, "wanatuchora kama magugu! Mmoja anatung'oa, mwingine anatupamba. Hakuna aliyeuliza jina la mtu?"

"Punguza sauti. Hawakusikii, wamekufa."

Chini kabisa ya jalada palikuwa na kipande kidogo, cha karatasi nyembamba, kazi ya haraka iliyotengenezewa mahujaji. Tarehe ilisomeka vizuri: 1756. Mchongaji huyu hakujali fahari. Hata kilima na kanisa hakuvichora. Kando zote mbili alijaza miti ya kubuni. Lakini matao kumi na mawili aliyaweka moja moja, na mbele yake akaweka uwanja wetu ulivyo: mchinjaji, mtawa anayebariki punda, mwandishi wa barua na meza yake, mkulima amesimama mbele yake kofia mkononi.

Nilihesabu kutoka kushoto. Moja, mbili, tatu. Tao la tatu lilikuwa wazi. Ndani giza, na mlangoni mtu amebeba kikapu mgongoni.

"Ni sisi!" nilipiga kelele. "Sor Evaristo, ni sisi! Huyu ni babu wa babu yangu!"

Tao la tatu kutoka kulia lilikuwa limezibwa kwa matofali toka chini hadi juu, na katika ufa wake ulikuwa umeota mtini, matawi yamening'inia nje. Nililiona. Nikajua ni la nani. Nikaendelea kumtazama babu yangu.

Sor Evaristo alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Una hakika unaitaka hii?"

"Kama nilivyo na hakika jua linachomoza."

"Haya. Wewe ni mtu mzima. Ichukue."

Siku ya kusikilizwa tulisimama foleni kwenye ngazi tangu asubuhi. Nyuma ya meza alikaa Mhandisi Bonaventi, mtu safi, mwenye sauti ya upole. Ukutani nyuma yake palikuwa na mchoro mkubwa kuliko mlango: Matao kama yatakavyokuwa, meupe, yamefukuliwa mpaka miguuni, majani yamekatwa vizuri pembeni. Hata mbwa hakuwemo. Niliutambua mara moja. Ulikuwa ndugu wa ule wa miaka mia nne.

Nilitoa picha yangu. Mhandisi aliiweka chini ya kioo cha kukuzia, akasoma tarehe, akahesabu kwa ncha ya kalamu.

"Tao la tatu, kushoto. Wazi. Mtu na kikapu." Alimwambia karani, "Oreste, muuza makaa, anapewa. Ng'ambo ya mto."

Baba alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

Nyuma yetu alikuwa Sora Fermina. Hakuwa na karatasi wala picha. Alikuwa na mdomo.

"Bibi yangu aliuza hatamu katika tao lile, na bibi yake kabla yake. Muulize punda yeyote wa Roma."

Mhandisi alitabasamu. Bado alikuwa na picha yangu mbele yake. "La tatu, kulia. Samahani, mama. Hapa naona ukuta na mti."

"Mti gani?"

"Mtini."

Sora Fermina aliinama juu ya meza, akaitazama picha muda mrefu. Kisha akanitazama mimi. Nilingoja tusi, nilikuwa hata na jibu. Aliteremka ngazi akishikilia ukuta, maana miguu yake ilikuwa imevimba, na mimi sikumshika mkono kwa sababu wangu ulikuwa mkononi mwa baba.

Jioni ile nilikwenda kilabu cha mvinyo nikaimba. Mtaani kwetu mtu akishinda huimba, na anayeshindwa humjibu kwa vina vile vile. Niliwatungia Kamati beti nane za kuwakejeli na watu wakagonga meza. Wakataka zaidi. Nikatunga ubeti juu ya bibi mmoja aliyerithi mtini akadhani amerithi duka. Walicheka mpaka wakamwaga mvinyo. Hakuwepo wa kunijibu. Nilirudi nyumbani nikiwa nimejaa majivuno, nikamkuta baba hajalala, na kigoda cha pili kimewekwa karibu na jiko kana kwamba mgeni ametoka sasa hivi. Sikuuliza.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Wakulima walikuwa wamejaa uwanjani kutafuta kazi za wiki, na mwandishi wa barua alikuwa mezani pake, pale pale walipokaa waandishi wote kabla yake. Nililala juu ya magunia mlangoni, picha mkononi, ambayo Kamati walikuwa wameshanirudishia baada ya kuinakili. Nilikuwa nikilinganisha uwanja na uwanja, kwa kujifurahisha tu.

Mwandishi wa barua wa kwenye picha alikuwa akiandika kwa mkono wa kushoto.

Basi, nikasema, alikuwa mashoto. Wapo. Nikamtazama mchinjaji: kisu mkono wa kushoto. Nikamtazama mkulima: fimbo mkono wa kushoto. Nikamtafuta mtawa aliyekuwa akimbariki punda, naye mkono alioinua ulikuwa wa kushoto; sasa, mtawa anaweza kulewa, anaweza kuiba, lakini hambariki kiumbe kwa mkono wa kushoto.

Niliingia ndani, nikachukua kioo cha baba cha kunyolea, nikakisimamisha mbele ya karatasi.

Ndani ya kioo kila mtu alikuwa sawa. Mwandishi aliandika kwa kulia, mtawa alibariki kwa kulia. Na matao yalikuwa yamegeuka nayo. Lililokuwa wazi lilikuwa la tatu kutoka kulia, na mtu yule hakubeba makaa. Nilipotazama vizuri kikapu kilikuwa na vitu vinavyoning'inia, virefu, kama kamba. Na la tatu kutoka kushoto, tao letu, mahali nilipozaliwa, lilikuwa ukuta, na mti umeota ndani yake.

Nikatazama juu ya kitanda cha baba. Baba alikuwa ametoka kwenda misa. Nikaondoa kofia yake, nikachukua kisu, nikakwangua lipu kuzunguka kile kijiti. Hakikuwa kijiti. Kilikuwa na gome. Kilizidi kunenepa kadiri nilivyochimba, na kilipofika unene wa kiganja kilipinda na kuingia ndani zaidi katikati ya matofali. Ulikuwa mzizi, umekauka, mgumu kama mfupa. Miaka yote tumetundika kofia kwenye ule mtini.

Nilimkuta Sor Evaristo anakula mkate na kitunguu.

"Imegeuka," nilimwambia.

Aliendelea kutafuna. "Imegeuka, ndiyo. Mchongaji mvivu anaiweka karatasi ya mchoro mbele yake, anaichonga kwenye bamba la shaba kama anavyoiona. Ukichapa, kulia kunakuwa kushoto. Mwenye bidii hutumia kioo. Ya mahujaji, nani atajisumbua?"

"Lakini maandishi yamesomeka sawa!"

"Maandishi huchongwa na mtu mwingine. Fundi wa herufi huandika kinyume, ndiyo kazi yake. Ndiyo maana Mhandisi wako hakushtuka."

"Ulijua. Siku ile ulijua!"

"Nilikuuliza kama una hakika. Nilidhani umeona kama mimi, ukaamua kufunga mdomo kama mtu mzima mwenye baba mgonjwa." Alinisogezea kipande cha mkate. "Kaa, ule. Picha haina kinywa, Settimio. Usiipe cha kwako."

Sikukaa. Niliwaka. Nataka niseme ukweli wa moto ule, kwa kuwa baadaye nimejaribu mara nyingi kuupa jina zuri. Haukuwa huruma kwa Sora Fermina peke yake. Nilikuwa nimemwimbia yule mwanamke ubeti mbele ya mtaa mzima, na ubeti ulikuwa uongo, na uongo wenyewe niliuokota kwa mchongaji mvivu aliyekufa. Nilikuwa kikaragosi wa bamba la shaba. Hilo sikuweza kulimeza. Usiku kucha nilipanga maneno. Nilijiona nimesimama mbele ya Kamati, mwana wa makaa anayejua kilichowashinda wasomi, nikitoa nyumba yetu kwa mkono wangu mwenyewe. Nilimwona Sora Fermina analia. Nilijiona nikimbeba baba ng'ambo kwa namna nyingine, sijui ipi. Mtu akijisikia mkubwa hafikirii mpaka huko.

Baba sikumwambia. Nilijua angenikataza.

Jumatatu nilikuwa wa kwanza mlangoni. Niliomba kioo, wakanipa cha mtunza ofisi. Nilimwonyesha Mhandisi mwandishi, mchinjaji, mtawa. Nilizungumza vizuri. Watu wa foleni walichungulia mlangoni, na nilisikia mmoja akisema, "Huyu kijana ana kichwa." Nilimaliza kwa kusema kwamba sisi wa tao la tatu kushoto hatutaingia nyumba kwa kupitia mgongo wa mwanamke mzee, na kwamba haki ni ya Fermina, mjane, la tatu kulia.

Mhandisi Bonaventi alifungua faili. Aliichukua nakala, akaigeuza mbele ya kioo mwenyewe, mara mbili.

"Ni kweli kabisa," alisema. "Umefanya kazi nzuri. Karani, futa Oreste."

Kalamu ilikwaruza.

"Na umwandike Sora Fermina," nilisema.

"Kwa ushahidi upi?"

"Huo! Picha!"

"Picha ambayo umenithibitishia sasa hivi kwamba haiaminiki?" Alisema kwa upole ule ule. "Shahidi akishikwa na kosa moja, kijana, hatumwiti tena kwa jambo lingine. Mtu anayegeuza kulia kuwa kushoto anaweza pia kubuni mlango. Hata miti ya pembeni, wewe mwenyewe umesema, ni ya kubuni." Hakuirudisha nakala kwenye faili, alinipa mimi. "Kwa hiyo hatuna ushahidi wa matao haya mawili. Nakushukuru. Umetupunguzia kazi."

"Lakini mtini ni wa kweli! Mzizi upo ukutani, njoo uuone!"

"Basi umethibitisha la kwako. La mama yule bado."

Nilimwita mwizi. Nilimtukania mama yake. Walinzi wawili wakanishusha ngazi kwa kola, na wale waliosema nina kichwa walijibana ukutani kutupisha.

Nyumbani mlango ulikuwa wazi. Sora Fermina alikuwa amepiga magoti katikati ya chumba chetu, akifunga godoro la baba kwa kamba zake mpya, zile ambazo hakuwahi kumpa mtu bure. Baba alikuwa kwenye kigoda karibu na jiko, akimshikia fundo kwa kidole. Walikuwa wakicheka kitu.

"Huyo hapo," alisema Sora Fermina. "Mwimbaji. Nimesikia nina shairi langu. Njoo ubebe chungu hiki, kinakwenda na godoro la baba yako."

"Chungu cha nani?" niliuliza.

"Changu."

Baba alinitazama kwa aibu kidogo, kama kijana aliyefumaniwa. "Tumepanga, Settimio. Juzi jioni, ulipokuwa kilabuni. Nyumba ile ina jiko, na jikoni panaingia kitanda. Fermina atalala jikoni. Amesema atanipikia supu ya dengu, na mimi nimesema atalipa kwa kunyamaza siku za Ijumaa."

"Nikamwambia hata Papa hanyamazi siku za Ijumaa," alisema Sora Fermina.

Chungu nilikiacha pale pale sakafuni.

"Ulijua?" nilimwuliza. "Kuhusu mtini?"

"Bibi yangu alikuwa akila tini za tao lenu akiwa mtoto, akipanda ukuta kuziiba. Nilipouona mti ule juu ya meza, upande wangu, nilijua kuna aliyekosea, mchoraji au Mungu. Ningesema pale pale. Halafu nikamwona baba yako amekushika mkono." Alikaza fundo kwa meno, akalitema. "Nikasema, acha. Nyumba ni moja. Tukigombania wawili tutaikosa wawili. Nikaja kwa Oreste jioni, tukaongea kama watu."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Kwa sababu wewe una mdomo," baba alisema. "Tulitaka kukuambia tukiwa tumeshavuka mto."

Nje, ku, kimya, ku. Walikuwa wamemaliza la pili.

Niliwaambia. Sikumbuki nilitumia maneno gani, mimi ambaye asubuhi ile nilikuwa na maneno ya kugawa. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Hakunipiga, hakukohoa hata. Alinyoosha mkono juu ya kitanda kutafuta kofia yake, akakuta mzizi umekwanguliwa wazi, akaushika, akakaa hivyo, ameushika.

Sora Fermina aliinuka kwa shida akaanza kufungua godoro. Kisha akaacha katikati, akalifunga upya. Hata bondeni mtu hulalia godoro.

"Ungeuliza," alisema. "Basi. Sikutaka kingine. Ungeniuliza mimi, mlango wangu unaujua, nilikufunga pale kwa kamba. Unampaje mtu haki yake bila kumwuliza kama anaitaka?"

Tulipelekwa na gari la taka lililooshwa. Mabanda yalikuwa na kuta za mbao na sakafu ya udongo, na maji yalipanda kupitia udongo kila mvua iliponyesha. Tulipewa vyumba vinavyopakana, mimi na baba kimoja, Sora Fermina kingine, ukuta wa kati mwembamba kiasi kwamba tulisikiana tukigeuka kitandani. Nilipata kazi ya kubeba mawe. Mawe ya wapi, haina haja kusema. Walilipa kwa siku na mimi nilikuwa nikifahamu kila kona. Niliangusha kuta za tao letu kwa mikono yangu mwezi wa kumi na moja. Mtini ulikuwa umeingia mpaka ndani kabisa, ukuta ulikuja chini ukiwa umeshikamana nao.

Wachoraji walianza kuja kabla vumbi halijatulia. Walileta viti vyao vya kukunja wakakaa mahali alipokuwa mwandishi wa barua, wakachora matao meupe matupu, na mmoja alinipungia mkono nisogee kwa kuwa nilikuwa mbele ya mstari wake. Nilisogea.

Baba alianguka kitandani Januari. Homa ya bondeni ilikutana na kifua cha makaa, wakamgawana. Sora Fermina alikuja kila siku akiburuta miguu, akamlisha dengu kijiko kwa kijiko. Kwangu alisema mambo ya lazima tu: leta kuni, mgeuze, funga mlango.

Asubuhi moja, ukungu umekaa juu ya matete, baba aliniita. Sauti yake ilikuwa imebaki hewa.

"Wakikuuliza nilikuwa wa wapi."

"Nitasema Matao."

"Tao gani?"

"La tatu. Kushoto."

"Tangu lini?"

Alijua nilichokuwa nacho mdomoni. Sora Fermina, amekaa miguuni pa kitanda na bakuli mapajani, alijua pia. Alinikazia macho, na kwa mara ya kwanza tangu kuhama nilimwuliza mtu kabla ya kusema; nilimwuliza kwa macho. Alitikisa kichwa taratibu: ndiyo, sema.

"Tangu lini, Settimio?"

"Tangu mwanzo, baba," nilisema. Nilisema kwa sauti, wasikie mpaka banda la pili. "Tangu siku ukumbi ulipofungwa na mlango wa kwanza ukafunguliwa. Hapakuwa na ukuta, hapakuwa na mti. Yeyote atakayeniuliza, msomi au mchoraji au mwanangu, nitamwambia hivyo. Nakuahidi."